Ben Zobrist: kiraka aliyeishi kwa fimbo yake

Msimu wa 2009 ulipoanza, Ben Zobrist hakuwa na namba ya kudumu katika kikosi cha Tampa Bay Rays. Ulipokwisha, hesabu za thamani ya wachezaji zilimweka juu ya kila mtu wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya Marekani, asiyekuwa mrushaji, akiwemo Joe Mauer wa Minnesota aliyebeba tuzo ya mchezaji bora. Katika miezi hiyo alikuwa amesimama kila mahali uwanjani isipokuwa kwenye kilima cha mrushaji na nyuma ya sahani ya mpigaji. Waandishi wanaopiga kura ya tuzo walimweka wa nane. Pengo hilo, la kwanza kwenye hesabu na la nane kwenye macho ya watu, liliandamana naye mpaka alipostaafu, na halikufungwa hata baada ya hapo.

Msomaji anayejua soka zaidi ya besiboli anahitaji mambo machache tu. Timu inayolinda huwa na watu tisa uwanjani. Mrushaji na mdakaji wana kazi yao ya peke yao. Watu wanne hulinda uwanja wa ndani: wa besi ya kwanza, wa pili, wa tatu, na shotistopu anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Watatu hulinda uwanja wa nje, yaani kushoto, katikati na kulia. Timu ikigeuka kushambulia, watu haohao hupokezana fimbo, ila nafasi ya mrushaji mara nyingi huchukuliwa na mpigaji maalumu asiyelinda; anayezunguka besi zote na kurudi kwenye sahani huipa timu alama. Kwa hiyo kila mchezaji ana mizani mbili: anachozuia akiwa na glavu, na anachozalisha akiwa na fimbo. Mizani hizo hazilingani kila nafasi. Shotistopu anasamehewa fimbo dhaifu kwa sababu wanaoweza kazi yake ni wachache. Mlinzi wa besi ya kwanza hasamehewi.

Kiraka wa besiboli, kwa desturi ya zaidi ya miaka mia, alikuwa mtu wa kusamehewa. Anajua kukaa besi ya pili, ya tatu na shotistopu, hapigi vizuri, anakaa benchi mara tano kwa wiki, na anaingia fulani akiumia goti. Kocha humpenda kwa kuwa hanuni. Mashabiki humpenda kwa kuwa anafanana nao. Meneja wa timu humlipa kidogo, na baada ya misimu miwili humtafuta mwingine wa namna ileile.

Kilichobadilika ni idadi ya warushaji. Miaka ya 1970 timu nyingi ziliridhika na warushaji tisa au kumi. Kufikia zama za Zobrist walikuwa 12, wakati mwingine 13, kwa sababu makocha walianza kubadilisha warushaji mapema na mara nyingi zaidi ndani ya mechi moja. Kikosi kilibaki na watu 25 mpaka 2019 (tangu 2021 ni 26). Toa warushaji 12, toa wapigaji tisa wanaoanza, wamebaki wanne. Mmoja wao lazima awe mdakaji wa akiba. Kwa watu watatu waliosalia, kocha anatakiwa kuziba uwanja wa ndani, uwanja wa nje, na kuwa na mtu wa kuita fimbo ikihitajika usiku. Hapo mtu mmoja anayejua nafasi tano hugeuka kuwa nafasi mbili za bure kikosini.

Joe Maddon, kocha wa Rays tangu 2006 hadi 2014, aliiona hesabu hiyo mapema. Hakuwa na hiari. Rays ni timu isiyo na fedha katika kundi moja na New York Yankees na Boston Red Sox, na ukiwa kwenye kundi hilo bila fedha unatafuta thamani pale ambapo wenye fedha hawajaangalia.

Zobrist mwenyewe alifika kwa njia ya kando. Ni mtoto wa mchungaji kutoka Eureka, mji mdogo wa Illinois. Alipomaliza sekondari hakuna chuo kilichomtaka kwa besiboli. Alilipa ada ya dola 50 kuhudhuria majaribio ya wazi, akaonekana na kocha wa Olivet Nazarene, chuo kidogo cha Kikristo. Baadaye akahamia Dallas Baptist. Houston Astros walimchukua raundi ya sita ya mgao wa wachezaji wapya mwaka 2004 akiwa na miaka 23, umri ambao vipaji vikubwa huwa tayari vimeshaingia Ligi Kuu. Julai 2006 Astros walimtoa kwa Tampa Bay, yeye na mrushaji Mitch Talbot, ili wampate Aubrey Huff. Huff ndiye aliyekuwa jina katika biashara ile.

Miaka yake miwili ya kwanza ilikuwa ya aibu, na hapa nataka tukae kidogo, maana wengi wakisimulia habari za Zobrist huruka sehemu hii. Mwaka 2006 alipiga kwa wastani wa .224, yaani mapigo 224 kwa kila zamu 1,000. Mwaka 2007 ulikuwa .155. Alikuwa shotistopu wa kawaida mwenye fimbo ya mtu anayejilinda: alitaka tu kuugusa mpira, usimpite. Kama angeendelea hivyo angekuwa kiraka wa mtindo wa zamani, na pengine leo angekuwa anafundisha vijana Illinois. Baada ya 2007 alikwenda kwa mwalimu binafsi wa upigaji, akajenga upya namna ya kuuzungusha mwili wake, akaanza kuupiga mpira kwa nia ya kuudhuru. Mwaka 2008, katika mechi 62 tu, akapiga homurani 12, mipira ya kuvuka uzio, akiwa na timu iliyofika fainali ya World Series kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Hivyo fimbo ilitangulia. Kuhamahama kulikuja baada yake, na kulikuja kwa sababu yake. Maddon alikuwa na mpigaji ambaye hakuweza kumwacha benchi, na hapakuwa na nafasi wazi ya kumweka. Akamweka kila mahali. Kisha Mei 2009 mlinzi wa besi ya pili, Akinori Iwamura, akaumizwa goti, na Zobrist akawa na makazi ya nusu: siku nyingi besi ya pili, siku nyingine uwanja wa nje kulia, na siku chache kokote penye pengo. Alimaliza msimu na wastani wa .297, homurani 27, na besi za bure 91, zile anazopewa mpigaji mrushaji akikosea mara nne. Alifika besi katika asilimia 40.5 ya zamu zake. Anapiga kutoka pande zote mbili za sahani, kwa hiyo hata kubadilisha mrushaji hakukumtoa mchezoni.

Sasa hesabu ya thamani. Wachambuzi hukadiria mchezaji ameipa timu yake ushindi mangapi zaidi ya mtu wa kawaida anayeweza kuokotwa ligi za chini. Kwa Zobrist wa 2009 jibu lilikuwa zaidi ya nane, namba ya nyota wakubwa. Ndani ya hesabu hiyo kuna marekebisho ya nafasi: kwa msimu mzima, mlinzi wa besi ya pili huongezewa alama 2.5, na wa uwanja wa nje kulia au kushoto hupunguziwa 7.5. Tofauti ni alama kumi, na alama kumi ni takriban ushindi mmoja. Fimbo ileile, bila kubadilika chochote, ina bei mbili. Homurani 27 kutoka kwa mlinzi wa kulia ni jambo zuri. Kutoka kwa mlinzi wa besi ya pili ni jambo ambalo timu nyingi hazina.

Lakini hesabu hiyo ina upofu wake, na kwa Zobrist ulikuwa upofu mkubwa. Inampa mchezaji alama kwa kila dakika aliyosimama mahali fulani. Haimpi chochote kwa kuwa *angeweza* kusimama pengine. Kocha akimleta kijana anayepiga warushaji wa kushoto tu, na kumpa nafasi ya kulia siku hiyo kwa sababu Zobrist amehamia besi ya pili, faida ya kijana yule inaandikwa kwa kijana. Kwa mtazamo wangu, ndiyo maana hata mashabiki wa takwimu, waliompigania kuliko wote, walimpunja kidogo.

Mfano safi kabisa ni wa 2015. Rays walimuuza Oakland mwezi Januari. Mwishoni mwa Julai Oakland, wakiwa mkiani, wakamuuza Kansas City Royals. Royals walimhitaji kwa sababu Alex Gordon, mlinzi wao wa uwanja wa nje kushoto, alikuwa ameumia. Zobrist akakaa kushoto. Septemba Gordon akarudi. Kwa mchezaji mwingine yeyote huo ungekuwa mwisho wa kazi aliyoitiwa. Timu ingemshukuru na kumkalisha. Zobrist akavua glavu kubwa ya uwanja wa nje, akavaa ndogo, akaenda besi ya pili ambako Omar Infante alikuwa hapigi kitu msimu mzima. Biashara moja, mapengo mawili. Royals wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1985, na Zobrist akapiga wastani wa .303 katika mechi za mtoano.

Chicago Cubs, ambako Maddon alikuwa ameshahamia, walimchukua Desemba 2015 kwa miaka minne na dola milioni 56. Siku hiyohiyo wakamtoa Starlin Castro, kijana wa miaka 25 waliyemlea wenyewe, kwenda Yankees. Walimbadilisha kijana kwa mtu wa miaka 34 na hakuna aliyelia sana Chicago, jambo ambalo lingekuwa kichekesho miaka mitano kabla.

Mwaka 2016 mashabiki walimchagua aanze mchezo wa nyota kama mlinzi wa besi ya pili wa National League. Alimshinda Daniel Murphy kwa kura 88 tu kati ya mamilioni. Ilipofika mtoano, huyo mlinzi wa besi ya pili aliyechaguliwa na taifa aliondolewa besi ya pili. Cubs walikuwa na Javier Báez, kijana mwenye mikono ya mchawi, na walimtaka pale. Zobrist akaenda uwanja wa nje kushoto. Sijui ni nyota wangapi wa miaka 35, wenye pete ya ubingwa na mkataba wa milioni 56, ambao wangehama Oktoba bila waandishi wa Chicago kupata habari ya wiki nzima.

Mechi ya saba ya fainali, Cleveland, tarehe 2 Novemba. Cubs walikuwa wakiongoza, kisha katika inningi ya nane, yaani kipindi cha nane kati ya tisa, Rajai Davis akampiga Aroldis Chapman homurani iliyosawazisha 6-6, na uwanja ukalipuka. Inningi tisa zikaisha. Mvua ikashuka, mchezo ukasimama kwa dakika 17. Waliporudi, Kyle Schwarber akafika besi ya kwanza, na Albert Almora aliyeingia kumkimbilia akasogea ya pili. Cleveland wakafanya uamuzi wa kitabuni: wakampa Anthony Rizzo besi ya bure kwa makusudi ili wakutane na anayemfuata. Anayemfuata alikuwa Zobrist. Mrushaji Bryan Shaw alirusha mpira wa kando, Zobrist akipiga kwa upande wa kushoto, na badala ya kuuvuta kwa nguvu akausindikiza pale ulipotaka kwenda, chini ya mstari wa kushoto, ukampita mlinzi wa besi ya tatu. Almora akafunga. 7-6. Miguel Montero akaongeza moja, Cleveland wakajibu moja, na 8-7 ikawa ubingwa wa kwanza wa Cubs tangu 1908. Zobrist, mwenye wastani wa .357 katika fainali hiyo, akatangazwa mchezaji bora wake.

Pigo lile halikuwa na uhusiano wowote na glavu. Cubs walimlipa kwa sababu ya kuhama, lakini usiku ule walimweka kwenye zamu ya tano kwa sababu alikuwa anajua kufika besi. Hapo ndipo timu nyingine zilipoielewa vibaya habari yake.

Baada ya Zobrist kila meneja alitaka kiraka wa kwake, na soko likaanza kuwalipa. Marwin González alikuwa na mwaka wa ajabu na Houston 2017, wastani wa .303 na homurani 23 huku akihama kila wiki. Ni mwaka huohuo ambao baadaye ilithibitika kuwa Houston walikuwa wakiiba ishara za wadakaji kwa kamera, nao msomaji atapima mwenyewe. Minnesota wakampa dola milioni 21 kwa miaka miwili, na fimbo ya 2017 haikuonekana tena. Chris Taylor wa Dodgers alisaini dola milioni 60 kwa miaka minne mwishoni mwa 2021. Aliendelea kucheza popote alipoambiwa, ila fimbo ilififia, na Mei 2025 Dodgers wakamwachia huru kabla mkataba haujaisha. Wote wawili waliendelea kuwa viraka hodari mpaka mwisho. Nafasi hazikupotea. Kilichopotea ni sababu ya kuwaweka kwenye nafasi hizo.

Na kuna kesi iliyo karibu zaidi na bara letu. Gift Ngoepe, mzaliwa wa Polokwane, alikulia Randburg pembeni mwa Johannesburg, katika chumba kilichokuwa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi. Pittsburgh Pirates walimsajili 2008. Alipita karibu miaka tisa katika ligi za chini. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanjani Pittsburgh, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza Ligi Kuu, na katika zamu yake ya kwanza kabisa akampiga Jon Lester pigo safi la katikati. Lester alikuwa mrushaji wa Cubs, mabingwa watetezi, timu ya Zobrist.

Kwa glavu, Ngoepe alikuwa na kila kitu ambacho Zobrist alikuwa nacho katika uwanja wa ndani, na zaidi. Besi ya pili, ya tatu, shotistopu, kote alikuwa wa kutazamwa. Kama shotistopu mtupu ningemchukua yeye. Alicheza mechi 28 mwaka ule kwa wastani wa .222. Mwaka uliofuata Toronto walimpa mechi 13, akapata pigo moja katika zamu 18. Jumla mechi 41, basi. Watu husema alikosa bahati, au alianza kukutana na warushaji wazuri akiwa amechelewa, na hilo la pili nalikubali: mtoto wa Randburg hawezi kuona kwa wiki moja mipira anayoiona mtoto wa Santo Domingo, huko Jamhuri ya Dominika. Glavu inaweza kujifunziwa ukutani peke yako. Fimbo inahitaji mtu wa kukurushia, aliye hodari kukuzidi, kila siku, kwa miaka. Zobrist wa 2007, yule wa .155, alikuwa na kasoro ileile. Tofauti ni kwamba alikuwa Marekani, karibu na mwalimu, na timu yake ilikuwa mbovu kiasi cha kumsubiri.

Kuhusu fedha sitachukua muda mwingi. Msimu ule wa 2009 alilipwa karibu na kima cha chini cha ligi, kilichokuwa dola 400,000. Aprili 2010 akasaini mkataba wa dola milioni 18 za uhakika kwa miaka minne, pamoja na miaka miwili zaidi kwa hiari ya timu, na Rays waliitumia yote miwili. Mtu asiye na nafasi maalumu hana wa kufananishwa naye mezani: wakala wake hawezi kusema "mlipeni kama shotistopu fulani". Alilipwa vizuri mara moja tu, uzeeni, kwa kazi aliyokuwa ameifanya ujanani. Simhurumii sana, milioni 56 ni milioni 56.

Heshima ndiyo inayonikera zaidi. Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, hutolewa kwa nafasi tangu 1957, na Zobrist hakuwahi kuipata hata moja. Tuzo ya kiraka iliongezwa 2022, misimu mitatu baada ya yeye kuacha, wakachukua DJ LeMahieu na Brendan Donovan. Jina lake lilipofika kwenye karatasi ya kura ya Cooperstown, makumbusho ya magwiji, alishindwa kufikisha asilimia 5 inayomruhusu mtu kubaki, akaondolewa mwaka uleule wa kwanza.

Kama ningekuwa na kura, nisingemwingiza Cooperstown. Alipata namba akiwa na miaka 28, na miaka iliyopotea kabla ya hapo ni mingi mno. Pete mbili na pigo moja kubwa haziijazi. Ila karatasi ile ina nafasi za majina kumi, na kila mwaka wapo wanaorudisha nafasi tupu. Ningeliandika la Zobrist katika moja ya hizo mwaka ule mmoja, ili waliompa nafasi ya nane mwaka 2009 walazimike kueleza tena, kwa maandishi, walikuwa wanaangalia nini.